Kaka Mkubwa Hajaoa

Mzee Onditi alikuwa akisoma vizuri tu mpaka alipofika kwenye shoka.

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya kusoma historia ya shirika kanisani. Wamisionari wa Emausi walikuwa wanatimiza miaka arobaini tangu waingie sehemu za Ogwedhi, na Padri Monari, paroko, kijana wa Kisii mwenye kupenda vitabu, alikuwa ameandika kijitabu kizima kuhusu safari hiyo. Kila Jumapili baada ya matangazo, mwenyekiti wa parokia alisimama akawasomea watu ukurasa mmoja au miwili. Mwenyekiti ndiye Onditi. Aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na sauti ya kusomea na miwani ya kusomea, na hakuruka hata nukta.

Jumapili ya kwanza watu walisikia jinsi mapadri wawili wa Uholanzi walivyoanzisha shirika, na kanuni waliyoiacha, kwamba mmisionari asijijengee nyumba ya misheni mahali pageni kabla hajalala nyumbani kwa mwenyeji. Jumapili ya pili walisikia jinsi Padri Klemensi alivyofika Ogwedhi siku ya soko la mifugo, akisukuma pikipiki iliyomfia njiani, na ng'ombe wa Wamaasai wakamzunguka mpaka akapotea katikati ya pembe. Hapo kanisa zima lilicheka, hata masista.

Sasa Onditi akasoma kwamba mwenyeji wa padri alikuwa kijana aitwaye Obiero, na mkewe Kezia, na kwamba siku hizo Obiero alikuwa anatoka kwa babake kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Mila ya Wajaluo inataka siku hiyo mtoto wa kwanza wa kiume atangulie na shoka. Obiero alikuwa na binti tu, Liz, wa kunyonya. Akaazima mtoto wa ndugu yake, na mtoto huyo akaamka na malaria.

"Hapo ndipo Padri Klemensi alipolichukua shoka," Onditi akasoma, "akaitangulia familia, akakata nguzo ya kwanza ya boma. Kisha akajenga nyumba yake upande wa kulia wa lango, mahali pa mtoto wa kwanza. Na hivyo ndivyo shirika letu lilivyopata..."

 Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akausoma mstari ule kimyakimya huku midomo ikicheza. Kisha akatazama benchi la tatu. Pale alikuwa ameketi Obiero, mzee sasa, na Kezia, na mwana wao Cliff, ambaye alikuwa amwoe Mourine, binti ya Onditi, kabla ya Krismasi.

"Leo tumefika hapo," Onditi akasema, akakifunga kijitabu.

Si kwamba jambo lilikuwa siri. Kila mtu aliyepita kwa Obiero aliiona ile nyumba ndogo ya mabati karibu na lango, na watu waliiita simba ya Fadha, maana kwa Wajaluo simba ni nyumba ya kijana katika boma la babake. Walidhani ni jina la utani tu, padri alikuwa mgeni akapewa pa kulala. Onditi mwenyewe miaka hiyo alikuwa Kericho kwenye majani chai. Habari ya shoka ilikuwa kichekesho cha nyumbani kwa Obiero, kitu cha kusimulia watoto wakikoka moto, mpaka Padri Monari alipokuja na kalamu yake, akanywa chai, akasikia, akaona ni neno tamu mno, haliwezi kuachwa nje ya historia.

*

Wiki hiyo Obiero na Kezia waliitwa kwa Onditi. Safari zilizopita waliketishwa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, wakapewa chai ya maziwa katika vikombe vya maua. Safari hii walionyeshwa benchi la nje, chini ya ukingo wa bati, pale anapoketi mtu aliyeleta barua ya chifu. Chai ilikuja ya rangi, bila maziwa, kwa vikombe vya plastiki. Kezia alikitazama chake akakizungusha, kana kwamba maua yako upande wa pili.

Onditi hakuwa mtu wa matusi. Aliwauliza mvua, akawauliza mahindi, kisha akaingia.

"Baba Cliff, mimi sina ubaya na kijana wako. Ni fundi, hanywi, na akinisalimia anatoa mikono miwili. Lakini ana kaka yake mkubwa ambaye hajaoa."

"Yule ni padri," Obiero akasema.

"Upadri alikuja nao. Shoka alipewa na nani?"

Shoka alilitoa Obiero mwenyewe.

Onditi akawaeleza kwa sauti ya chini, ili mkewe jikoni asisikie, habari ya ndugu yake mdogo. Ndugu huyo alioa akimruka kaka aliyemtangulia, wazee wakasema asifanye, akafanya. Alizika watoto wawili. Kuna waliosema ni maji ya mto. Kuna waliosema ni chira, ile laana inayoiandama nyumba ya mtu aliyevunja mwiko. Onditi mwenyewe alibeba jeneza dogo mara mbili, na hakujua ni lipi kati ya hayo.

"Labda ni maji," akasema. "Lakini siwezi kumtuma Mourine akaangalie."

Waliporudi nyumbani, Kezia alianza kucheka njiani. Alicheka mpaka akashika nguzo ya simiti ya kiwanja cha watu. Obiero alimwambia aache, watu wanaona. Kezia akamwuliza ni nani aliyekuwa na haraka asubuhi ile, ni nani aliyeambiwa angoje mtoto apone, naye akajibu kwamba jua litatoka na jogoo wa boma jipya ameshafungwa miguu. Obiero akasema hata yeye Kezia alikubali. Kezia akasema alikubali kwa sababu alikuwa amebeba moto wa kuhamia, na moto ulikuwa unamchoma vidole. Wakafika langoni wakiwa wanabishana hivyo, na simba ya Fadha ikawatazama kwa dirisha lake moja.

*

Cliff alikuwa na karakana ya kuchomea vyuma nyuma ya duka la vifaa la Bashir, pale sokoni Ogwedhi. Habari ilifika kabla yake. Watu wa bodaboda walikuwa wakipita polepole makusudi, mmoja anauliza kama braza amepata dem, mwingine anasema ana shangazi mjane huko Kehancha, Mzungu apelekewe salamu. Cliff aliteremsha ile miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akaendelea na geti la mtu. Lakini siku hiyo alilichomelea bawaba upande usio wake, ikabidi aikate tena mbele ya mwenye geti.

Bashir alitoka dukani akaketi juu ya mfuko wa simiti, akataka aelezwe kutoka mwanzo. Akaelezwa yote. Akasema kwao hata masheikh wanaoa, tena wengine zaidi ya mara moja, hivyo shida hii wameitengeneza wenyewe, yeye hana dawa yake. Kisha akamwambia kama kutahitajika gari, pikapu yake ipo.

Padri Monari ndiye aliyekuwa na aibu kuliko wote. Alikwenda kwa Onditi kwa miguu, akasema yeye ndiye mwenye makosa, atauondoa ule mstari, kijitabu kitachapishwa upya bila shoka. Onditi akamwuliza swali moja.

"Fadha, ukifuta kwa karatasi, kuni iliyokatwa itarudi mtini?"

Padri akarudi kwa miguu vilevile.

Aliyepata njia ni Mourine. Alikuwa na cherehani yake Uriri, akishona sare za shule, na siku zote hizo hakulia wala hakususa. Aliweka simu kati ya bega na sikio akaendelea kukanyaga cherehani, na Cliff alikuwa akiongea akisikia sindano ikikimbia. Cliff akasema watahama, waende Migori mjini, wakaoane kwa karani wa serikali, nani atawauliza. Sindano ikasimama.

"Na nikizaa, nimletee nani mtoto?" Mourine akasema. "Baba yangu anaogopa, Cliff. Hajakataa. Nenda umlete huyo kaka yako aoe."

Alikuwa anatania. Lakini Kezia alipoambiwa hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili.

*

Padri Klemensi siku hizo alikaa katika nyumba ya shirika huko Homa Bay, pamoja na wazee wenzake wawili. Alikuwa amepita Lambwe, akakaa huko muda mrefu wakati mbung'o bado wanasumbua ng'ombe, akajenga shule, akapanda miti, akapoteza kusikia kwa sikio moja. Wenzake wa Uholanzi walimwandikia kila mwaka kwamba kuna chumba kizuri cha wazee kinamngoja huko, chenye joto. Yeye kila mwaka alijibu kwamba hapa joto lipo.

Kezia na Cliff walimkuta kwenye mipapai, mrefu, mwembamba, ndala za matairi miguuni. Alipomwona Kezia aliacha ndoo, akaja na mikono miwili, akageuka kumwambia mpishi aweke maji ya chai, mama yake amekuja. Mpishi alimtazama Padri na nywele zake nyeupe, akamtazama huyo mama ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akaenda kuweka maji.

Kezia alimweleza yote kwa Kijaluo, karibu na lile sikio lililo zima. Padri alicheka akashika mpapai, na papai bichi likaanguka. Kisha kicheko kikaisha, akabaki ameushika tu mti. Akamwangalia Cliff, kijana ambaye yeye mwenyewe alimbatiza.

"Kumbe bado mnanihesabu," akasema.

"Tungekutoa lini?" Kezia akamwuliza. "Nyumba yako si iko?"

Padri akaenda kuvaa viatu.

*

Safari hii kwa Onditi waliingia sebuleni, kwa sababu padri mzee hawezi kuketishwa nje. Vikombe vya maua vilirudi. Ndugu za Onditi walikuwepo, Padri Monari alikuwepo, Mourine alikuwa mlangoni na sinia, haingii wala hatoki.

Padri Klemensi hakuzunguka. Akasema amesikia kwamba yeye ndiye kizuizi, naye amekuja kujieleza kama mtoto mkubwa wa Obiero. Ni kweli alishika shoka. Wakati ule aliona ni heshima, hakujua ni kazi ya maisha. Lakini hajakaa bila kuoa. Aliweka nadhiri zake Cliff akiwa bado hajazaliwa, akajifunga kwa Kanisa mpaka kufa, na hajawahi kutoka nje ya ndoa hiyo. Sasa amerukwa wapi?

Ndugu za Onditi waliitikia kwa vichwa, wakaona neno limekaa. Onditi naye alikubali. Alikuwa amewafundisha watoto wa komunio miaka mingi kwamba padri mke wake ni Kanisa, hangeweza kukana leo. Obiero akaanza kushusha pumzi.

"Mke tumekubali yupo," Onditi akasema. "Ng'ombe wake walitoka lini?"

 Padri Klemensi alimgeuzia sikio zima, akaomba arudiwe.

"Ng'ombe, Fadha. Wa kumtoa huyo mke kwao."

"Sijatoa," Padri akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi umekaa na mtoto wa watu miaka yote hii bure."

Mourine alicheka mlangoni, vijiko vikalia kwenye sinia. Hata Onditi mdomo ulimcheza, lakini hakurudi nyuma. Mke ambaye hata ng'ombe mmoja hajapelekwa kwao, kwa hesabu ya pale ni rafiki tu. Padri Klemensi akakuna kichwa. Akasema ni haki kabisa, ila yeye ana nadhiri nyingine, ya ufukara. Viatu alivyovaa ni vya shirika. Hata kuku hana.

Hapo Obiero alijua kinachokuja, kwa sababu mila hiyo aliijua kabla ya yeyote kuitaja. Ng'ombe wa mahari ya kijana hutoka zizi la babake, na mtoto wa kwanza ndiye anayetolewa ng'ombe kwanza. Zizini kwake kulikuwa na mitamba wachache wazuri, na fahali mmoja, Rabuor, aliyeitwa hivyo kwa rangi yake ya hudhurungi. Rabuor alikuwa ametengwa kwa mahari ya Mourine. Onditi alishakuja kumwona, akampiga kiganja mgongoni, akamsifu. Obiero akamtazama Cliff. Kijana alikuwa amemlisha fahali huyo kwa mkono tangu ndama, akimkatia majani kila jioni akitoka sokoni na macho mekundu ya moshi.

Cliff alitazama sakafu. Kisha akamtazama yule mzee mwembamba mwenye viatu vya shirika.

"Baba, mpe," akasema. "Yeye ndiye mkubwa."

*

Siku ya yubile ya miaka arobaini watu walitoka Uriri, Kehancha, mpaka Lambwe. Bashir alileta viti vya plastiki kwenye pikapu, akakaa pembeni chini ya turubai, akisema amekuja kama jirani wa bwana harusi. Padri Klemensi alimwongoza Rabuor kwa kamba tangu kwa Obiero, amevaa kanzu yake nyeupe na kofia ya jua, Obiero na Cliff pembeni na fimbo, Kezia nyuma na akina mama wakipiga vigelegele. Kwenye lango la kanisa Rabuor alikataa kuingia. Alipanda miguu chini, akamwangalia Mzungu. Padri alimbembeleza kwa Kijaluo, haikufaa. Cliff akamnong'oneza kitu sikioni, fahali akaingia kama Mkristo.

Sasa nani ampokee? Kamba ilielekezwa kwa Padri Monari. Yeye akarudi nyuma, mikono juu, akasema yeye naye ni mume wa Kanisa hilohilo, hawezi kupokea mahari ya mke wake mwenyewe, na akaomba sana wazee wasimwulize ya kwake leo, wangoje aongee na babake Kisii. Watu walicheka wakashika mbavu. Masista walisema wao ni upande wa dada za bi harusi, hawashiki kamba. Wote wakaanza kumtazama mwenyekiti.

Onditi alijaribu kutazama nyuma, hakukuwa na mtu. Akina mama wakamsukuma mbele. Akapanguza mikono kwenye suruali, akaipokea kamba mbele ya kanisa zima, na vigelegele vikawa vingi mpaka Rabuor akatikisa masikio.

Obiero alingoja kelele zipungue, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, kwa aibu ya mtu aliyefika dukani mkono mtupu. Mitamba wa Mourine wapo, atawaleta kama walivyopatana. Ila fahali sasa hana. Anaomba avumiliwe mpaka ndama mwingine akue.

Onditi bado alikuwa na kamba mkononi. Aliitazama, akamtazama Mourine aliyekuwa ameacha kupiga makofi, akamtazama Cliff.

"Dume gani tena?" akasema, kwa ile sauti yake ya kusomea. "Huyu si nimempokea kwa mkono wangu, watu wote wakiona? Nyumba moja hailetei nyumba moja dume mara mbili."

Ndugu yake mmoja akanung'unika kwamba huyu ni wa Kanisa, na atachinjwa saa hii hii. Onditi akamwambia amkumbushe akishashiba.

Wakala. Wakacheza. Jioni masista walikuwa wamemtandikia Padri Klemensi kitanda katika nyumba ya mapadri, na chandarua kipya. Alikuwa amechoka, ameshika mkono wa Padri Monari, mguu mmoja uko kwenye ngazi, Onditi alipomzuia.

"Fadha, samahani. Leo mimi nimekuwa mkwe wako. Mtu halali ukweni."

Padri Klemensi alisimama akafikiri. Akakubali ni kweli, mtu halali ukweni. Mfuko wake ukabebwa na Cliff, wakashuka polepole mpaka kwa Obiero.

Pale kwenye simba ya kulia mlango ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imesiribwa juzi, bado inanukia, blanketi limekunjwa kitandani, bati lililokuwa linavuja limepigwa bati jingine juu. Kezia hakusema alijuaje. Alisema chakula kipo kama bado kuna mwenye nafasi tumboni.

Lakini padri alikuwa ameona kitu upande wa kushoto wa lango, mahali pa mtoto wa pili. Kulikuwa na nguzo zimelazwa kwenye nyasi, za siku nyingi, magome yanaanza kubanduka. Akauliza ni za nini. Cliff akasema ni za nyumba yake. Alikuwa anangoja.

Padri akaomba shoka. Obiero akalitoa ndani, lilelile, mpini wake umebadilishwa. Mzee akaiinamia nguzo ya kwanza, akapiga mara moja, kipande kidogo kikaruka. Akanyoosha mgongo kwa taabu, akampa Cliff mpini.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Sasa wewe."